Nachapa maneno 38 kwa dakika, natakiwa 45: nifanyeje?

Swali

Mwalimu, shikamoo. Nimeitwa kwenye usaili wa kazi ya ukarani baada ya wiki kumi, na tangazo linataka maneno 45 kwa dakika. Nikijipima kwa dakika tano napata 38. Nikikazana, makosa yanazidi na alama inashuka. Mkono wa kushoto natumia vidole vyote, wa kulia natumia viwili tu, cha shahada na cha kati. Je, nianze upya nijifunze vidole kumi? Hata hapa kazini kwa sasa nyaraka zangu hurudishwa mara mbili tatu kwa makosa madogo madogo. Nimeambatisha karatasi niliyochapa jana kwa dakika tano, sikusahihisha kitu.

Jibu

Marahaba. Wengi huniandikia "nachapa polepole, nisaidie" wakaishia hapo, nami nabaki kubahatisha. Wewe umeleta karatasi. Nimekaa nayo na kalamu nyekundu nikahesabu kila kitu.

Kwa dakika tano umebonyeza mara 1,150, nafasi na alama zikiwemo. Katika vipimo vya uchapaji neno si lile la kamusi, ni mibonyezo mitano. Kwa hiyo 1,150 gawa kwa 5 ni maneno 230, gawa tena kwa dakika 5 ni maneno 46 kwa dakika. Huo ni mwendo ghafi. Ndani yake mna makosa 40, yaani 8 kila dakika. Toa 8 kwenye 46, unabaki na 38 yako. Sasa fanya hesabu nyingine: uchape kwa kasi ileile ya jana, usiongeze chochote, ila makosa yawe 5 badala ya 40. Utatoa 1 tu, utapata 45.

Mwendo wanaoutaka unao tayari, makosa ndiyo yanayoula. Sitakuambia haraka haraka haina baraka, maana usaili una saa na saa haisubiri. Nitakuambia tu kwamba wiki hizi kumi hatutazitumia kukimbiza vidole.

Kwanza nikuulize: mazoezi yako unayafanyia kwa lugha gani? Nakisia ni Kiingereza, kwa sababu programu nyingi za kujifunzia kuchapa zimeandikwa kwa lugha hiyo, na mpangilio wenyewe wa vitufe unatokana na mashine zilizotengenezwa Marekani miaka ya 1870 kwa watu wanaoandika Kiingereza. Chukua sentensi hii ya kila siku ofisini: "Tafadhali wasilisha taarifa ya mahudhurio kabla ya saa sita." Ina herufi 51. Hesabu A: ziko 16, karibu theluthi. Hesabu E, herufi inayoongoza kwa Kiingereza: haimo hata moja. Na A inakaa chini ya kidole kidogo cha kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote mkononi. Anayejizoeza kwa Kiingereza halafu akachapa barua za Kiswahili ni kama mtu aliyejifunza njia ya kwenda sokoni kisha akatumwa mtoni. Miguu ni ileile, ila njia haijui.

Sentensi hiyohiyo ina jambo la pili. Kwa macho ni maneno 9. Kwa kipimo, ukijumlisha nafasi 8 na nukta, ni mibonyezo 60, yaani maneno 12. Maneno yetu ni marefu, kwa hiyo usihesabu kwa macho ukajikatisha tamaa. Na siku ya usaili uliza mapema wanapima kwa mibonyezo au kwa maneno yaliyoandikwa, na kosa moja linakatwa kiasi gani, maana kila ofisi ina desturi yake.

Turudi kwenye makosa yako 40. Nimeyagawa mafungu, na kila fungu lina dawa yake. Hapa ndipo walimu wengi hukosea: wanamwambia mwanafunzi "punguza mwendo" kwa kila kosa, kama daktari anayetoa kidonge kimoja kwa kila homa.

Fungu la kwanza ni makosa 11 ya namna hii: "KAtibu", "NAibu", "MAhudhurio", "HAti", "TAfadhali". Kinachotokea ni kwamba kidole kidogo cha kushoto kinashikilia Shift wakati mkono wa kulia unabonyeza K, kisha kidole hichohicho kinatakiwa kuruka kwenda A. Wewe huruki. Unakipeleka A kidole kingine huku Shift bado imelala chini, na A inatoka kubwa. Kiingereza hakikusumbui sana hapa, ila Kiswahili cha ofisini kimejaa vyeo na vichwa vinavyoanza hivyo. Dawa: fungua ukurasa mtupu, andika mstari mmoja mmoja Katibu, Kamati, Naibu, Nakala, Makamu, Mapato, Hati, Hazina. Usitazame saa. Sikiliza vidole: Shift inaachiwa, ndipo A inaguswa. Dakika tatu kwa siku zinatosha, na ndani ya wiki mbili utaona tofauti. "TAfadhali" ni kosa la aina nyingine kidogo, kwa sababu T iko mkono wa kushoto. Hapo Shift ya kulia ndiyo kazi yake: mkono unaobonyeza herufi haushiki Shift. Ukizoea hivyo, kidole cha A kinabaki huru kwa Tafadhali, Serikali, Waziri, Taarifa na wengine wa ukoo huo.

Fungu la pili ndilo kubwa, makosa 14, herufi zimepishana: "wasilihsa", "kaitka", "wka", "ay", "mahudhruio". Nilipozitazama kwa makini nikacheka kidogo, maana 13 kati ya hizo 14 ni herufi mbili zinazobonyezwa na mikono miwili tofauti. S ni kushoto, H ni kulia. T kushoto, I kulia. R kushoto, U kulia. Vidole vinajua vitufe vyao, ila mkono mmoja unamtangulia mwenzake mlangoni. Huko siko kutojua, ni kukosa mdundo. Pakua kwenye simu programu yoyote ya kupiga mdundo, ile wanayotumia wanamuziki, uiweke kwenye mapigo 150 kwa dakika. Kila pigo kitufe kimoja, nafasi ikiwemo. Hayo ni maneno 30 kwa dakika, utaona unatambaa, na ndivyo inavyotakiwa. Ukichapa mistari kumi bila herufi kupishana, ongeza mapigo 10. Ukikosea mara mbili ndani ya mistari hiyo, rudi nyuma 10. Usione haya kurudi nyuma.

Usinielewe vibaya kwamba kidole kisubiri kingine kimalize safari. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto, Ufini, na wenzao wa Cambridge walichapisha matokeo ya mibonyezo milioni 136 kutoka kwa watu wapatao 168,000. Wenye kasi walionekana kubonyeza kitufe kinachofuata kabla kidole cha kwanza hakijainuka, na hao wenye kasi ndio waliokuwa na makosa machache. Vidole vinapokezana kama wapiga ngoma wawili: kimoja kikiwa bado chini, kingine kimeshateremka, lakini zamu haivurugiki. Mdundo wa simu unajenga hiyo zamu. Ikishakaa, uzime, na wepesi utakuja wenyewe.

Fungu la tatu, makosa 9, herufi zimemezwa: "unuzi" badala ya ununuzi, "tarifa" badala ya taarifa, "kiao" badala ya kikao, "muhmu". Weka mkono wa kulia mezani uchape ununuzi hewani. U ni kidole cha shahada. N ni kidole hichohicho. U tena, N tena, U tena. Herufi tano mfululizo, kidole kimoja, juu na chini, juu na chini, kabla mkono wa kushoto haujapata hata nafasi ya kupumua kwenye Z. Mjumbe huanza na herufi nne za kidole hichohicho, na muhimu ina tano kati ya sita. Na K na I, zile za kikao, kitengo, wakifika, wakiwa, ziko zote kwenye kidole cha kati cha kulia. Hakuna ujanja wa kuharakisha maneno haya. Hapa nasema kinyume cha nilichosema aya iliyotangulia: mdundo ruksa kuvunjika. Mchapaji mzuri hupunguza mwendo ndani ya ununuzi na kuurudisha kwenye neno linalofuata, kama dereva kwenye tuta. Ukilazimisha kasi ileile, kidole kinaruka herufi moja. Orodhesha maneno kumi ya namna hii unayokutana nayo kazini, uyaweke kila siku mwanzoni mwa zoezi wakati mkono haujachoka.

Makosa 6 yaliyobaki ni ya tarakimu na alama. Tumia vitufe vya tarakimu vya upande wa kulia wa kibodi kama unavyo, kile cha 5 kina kijinundu cha kuongoza kidole cha kati. Robo saa kwa wiki inatosha.

Sasa swali lako la vidole kumi. Jibu fupi: usianze upya. Watafiti wa Aalto haohao, katika utafiti wa 2016, waliwalinganisha waliofundishwa vidole kumi na waliojifunza wenyewe kwa vidole vichache, wakakuta baadhi ya hao wa mwisho wana kasi sawa na wenzao. Waliofaulu walikuwa na tabia moja: kila herufi ina kidole chake, hakibadiliki, na mikono haizururi. Tofauti iliyobaki ilikuwa macho: aliyefundishwa hutazama kibodi kidogo zaidi. Kwako wewe hilo la macho ni kubwa, kwa sababu karani ananakili kutoka karatasi. Kila ukiinamia vitufe unapoteza mstari, unautafuta, na mara nyingine unauruka kabisa. Jambo hili lilijulikana zamani: mwaka 1888 mjini Cincinnati, Frank McGurrin, mwandishi wa hati za mkato aliyekariri vitufe vyote, alimshinda Louis Traub kwenye shindano la kuchapa, na kipimo kimojawapo kilikuwa kunakili. Traub alikuwa akitazama juu na chini, McGurrin alitazama karatasi tu.

Kwa hiyo badilisha kidogo tu. Kidole cha pete cha kulia kipe O na L. Kidole kidogo cha kulia kipe P, Shift ya kulia, na kile kialama cha juu cha ng'ombe na ng'ambo. Vingine viache vilivyo. Vidole vya shahada vikae kwenye F na J, vile vitufe vyenye vijinundu, na kila ukimaliza neno virudi hapo. Funika mikono kwa kitambaa chepesi. Wiki mbili za kwanza mwendo utashuka, pengine hadi 30, na utatamani kunitukana. Vumilia tu, maana una wiki kumi. Ungekuwa na tatu ningekuambia uache vidole vyako vilivyo ushughulikie makosa peke yake.

Zoezi la siku lisizidi dakika 25, na ni bora uligawe asubuhi na jioni. Mkono uliochoka unajifunza makosa kwa bidii ileile unayojifunzia usahihi. Anza na vyeo vyako na maneno ya kidole kimoja, kisha mdundo, kisha malizia kwa ukurasa halisi, barua au muhtasari wa kikao uliowahi kuuchapa. Jumanne na Ijumaa chapa dakika tano huku kitufe cha kufuta ni haramu. Hapo ndipo unapoona sura yako halisi, kama ulivyofanya jana. Andika daftarini umekosea nini, si umekosea mara ngapi. Mara moja kwa wiki, basi, jiachie ukimbie dakika mbili bila kujali makosa, ili vidole vionje kasi ya mbele.

Kuhusu nyaraka zinazorudishwa. Kazini hatukatwi alama, tunafuta na kurudia, na gharama yake watu hawaioni. Ukigundua kosa baada ya kuchapa herufi nne zaidi, unafuta tano na kuchapa tano upya: mibonyezo 10 ya bure. Ukurasa wa mibonyezo 2,000 kwa usahihi wa asilimia 95 una makosa 100, kwa hiyo unabonyeza 3,000. Kwa asilimia 99 ni makosa 20, unabonyeza 2,200. Kwa kasi ya mibonyezo 200 kwa dakika, ukurasa uleule ni dakika 15 kwa mmoja na 11 kwa mwingine. Ukigundua kosa katikati ya neno refu, shika Ctrl pamoja na kitufe cha kufuta, neno lote linaondoka, ulichape upya kwa mdundo wake. Ni rahisi kuliko kukwangua herufi moja moja.

Ila makosa yanayorudisha barua mezani si hayo yenye mstari mwekundu. Nikiwa kijana kazini nilichapa barua iliyosema mtumishi "hatalipwa posho ya safari". Rasimu ilisema "atalipwa". H moja tu imeingia, neno limebaki Kiswahili safi, kompyuta haikulalamika, bosi akatia saini. Mtumishi alikuja ofisini na barua mkononi, na sitasimulia alichosema. Lugha yetu inabeba maana kwenye herufi moja: ametuma na ametumwa, alilipa na alilipwa, atakubali na hatakubali. W na H ndizo wachonganishi wakubwa. Kwa hiyo ukimaliza kuchapa, pita mara moja ukisoma vitenzi peke yake: nani anafanya, nani anafanyiwa, ni ndiyo au siyo. Kisha pita mara ya pili ukisoma majina, tarehe na tarakimu peke yake, na za fedha mtu mwingine akusomee rasimu wewe ukifuata kwa kidole. Kama unachapa kwa kusomewa, ongeza L na R. Nimeona "wajumbe walipiga kula" palipotakiwa "walipiga kura", na hapo hakuna kamusi itakayokuokoa.

Hakikisha pia lugha ya waraka imewekwa Kiswahili kwenye programu unayoandikia. Ikibaki Kiingereza, kila neno litapigwa mstari mwekundu, jicho litazoea wekundu huo, na kosa la kweli litapita humo humo. Baya zaidi ni kile kipengele cha kujisahihisha chenyewe, kinachoweza kugeuza neno lako huku umetazama karatasi. Kitawale kikufanyie kazi: kifundishe kwamba "mkk" ni Mkurugenzi Mkuu, "yah" ni YAH: na anwani ya ofisi yako nzima ni herufi tatu. Chagua vifupisho ambavyo si maneno, la sivyo kila "ya" itageuka kichwa cha habari. Na usihesabu hivyo kwenye usaili, huko mashine itakuwa mpya.

Chapa maneno yote kwanza, mapambo baadaye. Anayesimama kila aya kukoleza wino na kupima nafasi hajengi mdundo. Vichwa viwekee mitindo, ukurasa mpya ni Ctrl na Enter, na kusukuma maneno kwa kubonyeza nafasi mara kumi na tano ni dhambi ambayo anayekuja kuhariri waraka baada yako hatakusamehe.

Kiti kipandishe hadi viwiko vikae kama pembe ya meza, viganja vielee wakati wa kuchapa, visilalie ukingo. Ukihisi ganzi au maumivu ya kifundo, acha siku hiyo, na yakirudi muone daktari. Hakuna usaili unaostahili mkono.

Siku yenyewe fika mapema, omba uguse kibodi yao. Dakika ya kwanza chapa chini kidogo ya uwezo wako, maana makosa mengi ya usaili huzaliwa humo, mtu akiwa bado anatetemeka. Ukisikia mdundo umekaa, uuache uende.

Mwisho wa wiki ya tano nitumie karatasi nyingine kama hii, dakika tano, bila kusahihisha kitu. Juu yake uandike uko kwenye mapigo mangapi. Nitahesabu tena, na nitaanza na zile KAtibu.